Gemu inafunguka kisha inajifunga: tafuta kosa kabla ya kuipakua upya

Gemu ya kompyuta ikigoma kufunguka, wengi hukimbilia kuifuta na kuipakua upya. Kwa mtu wa Amu (Lamu) au Malindi anayetegemea data ya simu, gemu ya GB 60 ni pesa nyingi na usiku mzima wa kungoja, na mara nyingi ikishamaliza kushuka hujifunga vilevile. Faili za gemu zenyewe huwa na kosa mara chache. Kosa hukaa pembeni: draiva ya grafiksi (programu inayoiwezesha Windows kutumia chipu ya picha), vifurushi ambavyo Windows haina, antivirusi iliyomeza faili moja, RAM iliyolegea, au kompyuta ya mtumba isiyo na uwezo gemu inaoutaka. Kwa hivyo hapa tunakwenda kwa dalili, na katika kila dalili tunaanza na yale yasiyokula data.

Kwanza angalia inakufaje

Ifungue mara mbili tatu huku umekaza macho. Je, dirisha linatokea hata kwa nukta moja? Sauti inasikika? Skrini inakuwa nyeusi? Nembo ya waliotengeneza gemu inapita? Au kompyuta nzima inazima? Majibu hayo yanakupeleka pahali tofauti kabisa, na kuyachanganya ndiko kunakomfanya mtu abadilishe draiva siku nzima ilhali shida ni pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta.

Halafu soma rekodi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, piga Enter. Upande wa kushoto fungua "Windows Logs" kisha "Application". Tafuta mstari wenye alama nyekundu, wa saa ileile gemu ilipojifunga, wenye chanzo "Application Error" na namba 1000. Ukiubofya, maelezo hutokea chini. Ya kuandika kwenye karatasi ni matatu: jina la programu iliyoanguka, jina lililo mbele ya "Faulting module name", na namba iliyo mbele ya "Exception code".

Chukulia umekuta igd10iumd64.dll na namba 0xc0000005. Namba hiyo inasema programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake. Ndiyo namba ya kawaida kuliko zote, na peke yake haikwambii mengi. Jina la faili ya dll (faili ya msaada ambayo programu huazima) ndilo linalotoa siri: linaloanza na igd ni draiva ya grafiksi ya Intel. nvwgf2umx.dll na nvoglv64.dll ni za NVIDIA. atidxx64.dll na atio6axx.dll ni za AMD. Ukikuta mojawapo ya hizo, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya skrini nyeusi hapo chini. Ukikuta RTSSHooks64.dll au DiscordHook64.dll, hizo ni programu zinazochora juu ya gemu, RivaTuner na Discord. Zifunge kabisa ujaribu tena, na huenda kazi ikaishia hapo.

Jina likiwa ntdll.dll au KERNELBASE.dll, usiilaumu Windows haraka. Kosa limejitokeza hapo tu, chimbuko liko kwingine. Na jina likiwa la gemu yenyewe, anza kushuku mipangilio iliyoharibika, sevu (hifadhi ya pale ulipofika) iliyoharibika, au faili iliyokosekana.

Anayeona dirisha hilo limejaa mno aandike perfmon /rel badala yake. Atapata kalenda yenye alama nyekundu kwa kila siku programu ilipoanguka, na akibofya "View technical details" atapata majina yaleyale.

Unabofya na hakuna kinachotokea

Kiduara kinazunguka kidogo kisha kimya. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda "Details", kisha bofya gemu tena huku unatazama orodha. Jina la gemu likitokea na kubaki bila dirisha, kuna nakala ya zamani iliyokwama. Iue kwa "End task", fungua upya. Likitokea na kutoweka papo hapo, shuku antivirusi.

Kwenye Windows Security ingia "Virus & threat protection", halafu "Protection history". Ukikuta faili ya gemu imezuiwa au imewekwa karantini, jiulize ilitoka wapi kabla ya kuirudisha. Gemu uliyonunua kihalali kwenye duka la mtandaoni, irudishe na uiwekee ruhusa. Gemu iliyovunjwa kufuli na kuzunguka kwa flashi kutoka saiba hadi saiba ni jambo jingine: huko ndiko virusi vya kweli hupandia, na antivirusi inayolia juu yake huenda inasema kweli. Kuzima antivirusi ili gemu ifunguke ni ushauri unaotolewa ovyo sana. Atakayeiba nywila zako za M-Pesa na barua pepe hatakuomba ruhusa mara ya pili.

Hapohapo kwenye Windows Security kuna "Controlled folder access". Ikiwa imewashwa, gemu hukatazwa kuandika ndani ya Documents, na nyingi zikishindwa kuunda folda ya sevu hujifunga bila neno. Ongeza gemu yako kwenye orodha ya zilizoruhusiwa.

Kinatokea kisanduku chenye jina la faili ya dll

Hii ndiyo dalili nzuri kuliko zote, kwa sababu mgonjwa ametaja anapoumwa. Kosa ambalo watu hufanya ni kutafuta ile faili moja kwenye tovuti za kugawa dll na kuitupia ndani ya System32. Faili inayokosekana ni sehemu ya kifurushi, na kifurushi kizima ndicho kinachotakiwa.

MSVCP140.dll, VCRUNTIME140.dll na VCRUNTIME140_1.dll zote ni za kifurushi cha Visual C++ cha Microsoft, toleo linalohudumia miaka ya 2015 hadi 2022. Faili mbili, vc_redist.x64.exe na vc_redist.x86.exe, kwa pamoja hazifiki MB 50. Weka zote mbili hata kama Windows yako ni ya biti 64, kwa kuwa gemu nyingi za zamani ni za biti 32 na zinatafuta ile ya x86. MSVCP120.dll inataka toleo la 2013, MSVCP110.dll la 2012, MSVCP100.dll la 2010. Matoleo haya hayafukuzani. Kompyuta yenye manane ya namna hiyo ni ya kawaida, kwa hivyo usiyafute kwa kudhani yamejirudia.

d3dx9_43.dll, XINPUT1_3.dll na d3dcompiler_43.dll ni za DirectX ya zamani, njia ambayo gemu hutumia kuendesha grafiksi kwenye Windows. Windows 10 na 11 zina DirectX 12, lakini hazikuja na faili hizi za nyuma. Kinachotakiwa ni kifurushi cha Juni 2010, chenye takriban MB 96. Kabla ya kukipakua, fungua folda ya gemu utafute folda ndogo iitwayo _CommonRedist au Redist: mara nyingi vifurushi vyote hivi vimo ndani yake na hukuhitaji hata MB moja.

Namba 0xc000007b inamaanisha gemu ya biti 64 imepewa faili ya biti 32, au kinyume chake. Aghalabu ni matokeo ya ile tabia ya kutupia dll mkononi. Majina ya folda nayo yanapotosha: kwenye Windows ya biti 64, System32 ndiyo yenye faili za biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye za biti 32. Ondoa ulichotupia, kisha weka vifurushi viwili vya Visual C++ na kile cha DirectX.

Kisanduku kikilalamika kuhusu api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll, kompyuta hiyo ni Windows 7 au 8 isiyo na sasisho la KB2999226. Kikisema kuna kitu hakikupatikana ndani ya kernel32.dll, gemu imejengwa kwa Windows mpya kuliko yako na hakuna dawa ya kuizunguka. Kwa saiba ambazo bado zina Windows 7: Steam, duka la gemu la mtandaoni, iliacha kuihudumia tangu 1 Januari 2024.

Skrini inakuwa nyeusi, kisha unarudi mezani (desktop)

Hapa karibu kila mara ni grafiksi. Andika dxdiag kwenye dirisha la Windows na R, uingie "Display". Ukiona jina "Microsoft Basic Display Adapter", umeshapata jibu: aliyeweka Windows hakuweka draiva ya grafiksi. Hutokea sana kwa mashine iliyoformatiwa pasipo na intaneti. Picha inaonekana, sinema inacheza, Word inafanya kazi, mwenyewe anadhani kila kitu kiko sawa. Gemu peke yake ndiyo inayofichua. Chukua jina kamili la modeli ya kompyuta lililoandikwa kwenye kibandiko, pakua draiva kutoka kwa waliotengeneza kompyuta au chipu, weka, washa upya.

Ikiwa draiva ipo, uliza kama chipu yenyewe inaweza. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa pwani ni mitumba ya maofisi ya Ulaya, Dell OptiPlex na HP EliteDesk, na nguvu yake unaweza kuisoma kwenye namba ya prosesa. i5-2400 ni kizazi cha pili: grafiksi yake ya ndani inaishia DirectX 10.1, basi gemu inayodai 11 haitafunguka hata ukiipigia magoti. i5-3470 ni kizazi cha tatu, inafika DirectX 11. i5-4590 ni kizazi cha nne, na hapa pana mtego. Chipu hiyo iliwahi kukubali DirectX 12, lakini Intel waliifunga huduma hiyo kwa vizazi vya nne kuanzia draiva ya 15.40.44.5107 kwa sababu ya tundu la usalama. Gemu inayojaribu DirectX 12 kwanza huanguka hapo hapo. Ikiwa gemu ina njia ya DirectX 11, ilazimishe: kwenye Steam bofya jina la gemu kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia "Properties", na katika kisanduku cha "Launch options" andika -dx11 kwa gemu za Unreal, au -force-d3d11 kwa gemu za Unity.

Minecraft ya Java ina lake. Tangu toleo la 1.17 inadai OpenGL 3.2 (njia nyingine ya grafiksi, mwenzake DirectX), na grafiksi ya kizazi cha pili cha Intel kwenye Windows inaishia 3.1. Ujumbe wa "GLFW error 65542" maana yake draiva haitoi OpenGL kabisa, na dawa ni draiva. Namba 65543 inasema OpenGL ipo lakini ni toleo la chini. Mwenye chipu ya kizazi cha pili abaki na 1.16.5. Anayetumia lancha (programu ya kufungulia gemu) isiyokuja na Java yake akumbuke pia kwamba 1.17 inataka Java 16, 1.18 inataka Java 17, na 1.20.5 inataka Java 21.

Wenye kadi ya grafiksi iliyoongezwa waangalie nyuma ya kompyuta kabla ya kuangalia kwingine kokote. Kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi, si kwenye tundu la ubao mama. Ikichomekwa kusiko, umenunua kadi na bado unachezea Intel. Kwenye laptopu zenye grafiksi mbili, Windows huchagua yenyewe na huchagua vibaya: ingia "Settings", "System", "Display", "Graphics", ongeza faili ya exe ya gemu, chagua "High performance". Na uchomeke chaja.

Kubadilisha draiva kunafanywa hivi, si kwa kuweka mpya juu ya kuukuu. Pakua draiva kwanza, kwani ya NVIDIA peke yake hupita MB 500. Pakua na programu ndogo ya DDU, inayofuta draiva ya zamani pamoja na mabaki yake. Kata intaneti, la sivyo Windows itakuwekea yake katikati ya kazi. Ingia "Safe Mode", ambapo Windows huwaka na vitu vya lazima tu, endesha DDU, chagua kampuni ya kadi, safisha na uwashe upya. Sasa weka draiva, washa tena, ndipo urudishe intaneti. Kadi za GT 710, ambazo zimejaa madukani, ziliachwa kwenye tawi la draiva za 470. Usihangaike na mpya zaidi, kisakinishaji kitazikataa.

Kuna sababu moja ndogo inayosahaulika. Gemu ilichezwa mara ya mwisho kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, leo umechomeka skrini ya zamani ya 1280 kwa 1024. Gemu inafunguka kwa mipangilio ile, skrini haiwezi, inaanguka. Tafuta faili ya mipangilio ndani ya Documents au ndani ya folda inayofunguka ukiandika %localappdata%. Usiifute: ibadilishe jina, uongeze neno kuukuu mwishoni. Gemu itaunda nyingine mpya, na sevu zako zitabaki salama.

Nembo inapita, kisha inajifunga

Kwenye hatua hii gemu imeshapata dll zake na grafiksi imekubali. Sasa inasoma sevu, inaunda akiba ya vivuli (shader cache, maelekezo ya kuchora picha), inawasiliana na seva.

Hamisha folda ya sevu mezani na ujaribu bila sevu. Ikifunguka, sevu ya mwisho imeharibika; nyingi huwa na nakala ya awali kando yake. Chomoa pedi za USB zote, hasa zile za bei rahisi zisizo na jina, na uzichomeke baada ya gemu kufika kwenye menyu.

Jina la mtumiaji wa Windows nalo linaweza kuwa kikwazo. Kuna wanaoandika jina lao kwa herufi za Kiarabu pale Windows inapouliza. Ni haki yao, ila folda zote za mtumiaji hupata jina hilo, na gemu za zamani zisizoelewa herufi nje ya zile za Kilatini hushindwa kufungua njia na kuanguka. Kubadilisha jina kwenye mipangilio hakubadilishi folda. Fungua akaunti mpya kwa herufi za kawaida, ujaribu gemu humo.

Ndugu yake ni mpangilio wa nchi. Kompyuta iliyoletwa kutoka Ghuba huenda imewekwa Saudia, na tarehe zake zinahesabiwa kwa Hijria. Gemu kadhaa za Unity zikisoma tarehe au namba yenye desimali kwa mpangilio wasioutarajia waliozitengeneza, zinakufa kwenye nembo. Andika intl.cpl, badilisha "Format" iwe "English (United Kingdom)", washa upya. Hilo halili data yoyote.

Kisha saa ya kompyuta. Ikiwa kila ukiwasha inaonyesha mwaka wa nyuma, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama imekwisha. Vyeti vya usalama vya mtandao hukaguliwa kwa tarehe, hivyo lancha inakataa kuingia na gemu inajifunga. Betri mpya ina volti 3. Ikishuka chini ya 2.7 ibadilishe. Piga picha za kurasa za BIOS (mipangilio ya ubao mama) kwa simu kabla ya kuitoa, hasa ule ukurasa wa diski unaosema AHCI au RAID, maana ukirudi tofauti Windows haitawaka.

Namba 0xc000001d ni hukumu. Gemu imempa prosesa amri asiyoijua, kwa kawaida ya AVX au AVX2, makundi ya amri za prosesa mpya. Core 2 Duo haina hata moja, vizazi vya pili na vya tatu vya Core i5 vina AVX pekee, na AVX2 ilianza kizazi cha nne. Celeron na Pentium za miaka hiyo hazina zote mbili, hata zikiwa na namba za kizazi hicho. Programu ya CPU-Z itakuonyesha orodha, na isipokuwamo, tafuta gemu nyingine.

Gemu zenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu ni mlango wa peke yake. Valorant kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0 na Secure Boot, vilinzi vya usalama vya kompyuta, nayo hutoa namba za VAN9001 au VAN9003 usipoziwasha kwenye BIOS.

Gemu iliyokopiwa kwa flashi

Flashi nyingi zinauzwa zikiwa FAT32, na FAT32 haibebi faili moja inayofika GB 4. Gemu za leo zina faili kubwa kuliko hiyo. Wengine hupata onyo, hubofya "Skip", husahau. Andika convert F: /fs:ntfs kwenye dirisha la amri (cmd), ukiweka herufi ya flashi yako, na itageuka bila kufuta kilichomo. Baada ya kukopi, bofya folda zote mbili kwa kitufe cha kulia, "Properties", ulinganishe ukubwa hadi baiti ya mwisho.

Gemu ya Steam ikikopiwa kutoka kwa rafiki, na wewe unayo kwenye akaunti yako, iweke ndani ya steamapps\common kwa jina lilelile la folda. Kisha bofya "Install" kwenye Steam uchague diski hiyohiyo. Itakagua kilichopo na kupakua kilichopungua tu. "Verify integrity of game files" inafanya kazi kwa namna hiyo pia: inasoma diski na kushusha vipande vibovu peke yake, hivyo hakuna haja ya kuiogopa kwa sababu ya data. Ikirudia kukuta vipande vibovu kila siku, angalia diski. Kwenye eventvwr.msc, sehemu ya "System", chanzo "disk" chenye namba 7 kinamaanisha sekta mbovu. Amri ya sfc /scannow hukarabati faili za Windows bila intaneti, ila DISM, amri nyingine ya ukarabati, hushusha kutoka mtandaoni, basi ifanyie pahali penye Wi-Fi.

Kompyuta nzima inazima

Hapa acha gemu kabisa. Gemu haiwezi kuzima kompyuta nzima. Umeme, joto au kipuri ndivyo vinavyofanya hivyo, na gemu imekuwa kazi nzito ya kwanza ya siku. Kwenye "System" utakuta "Kernel-Power" namba 41, yenye maana moja tu: mashine ilizima bila kuaga. Ukikuta na "WHEA-Logger", prosesa au RAM imelalamika. "Display" namba 4101 ni draiva ya grafiksi iliyoganda ikaamka.

Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na wakati wa kusi vumbi la chokaa na chumvi huingia hata kwenye chumba kilichofungwa. Chumvi hukaa juu ya meno ya dhahabu ya RAM na ya kadi. Na mashine iliyotoka Mombasa imepanda basi hadi Mokowe, ikashushwa kwenye boti, ikasukumwa kwa mkokoteni hadi nyumbani. Tatizo likianza wiki ya kufika, fungua kasha kabla ya kugusa programu yoyote.

Zima, chomoa waya wa stima, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili chaji iishe. Gusa chuma kitupu cha kasha. Toa RAM, sugua meno yake taratibu kwa raba safi ya penseli, pangusa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzi, ngoja ikauke. Petroli na mafuta ya kulainishia nati usiyasogeze hapo. Rudisha hadi vishikio vyote viwili vigonge. Fanya vivyo hivyo kwa kadi ya grafiksi. Ukipuliza vumbi la feni, shika mapanga yasizunguke. Tatizo likikataa kuondoka, jaribu RAM moja moja, kila moja kwenye tundu lilelile, kisha endesha mdsched.exe, kipimo cha RAM cha Windows yenyewe.

Joto lipime kwa programu ya HWiNFO. Mezani bila kazi, nyuzi 40 hadi 50 ni sawa kwa chumba cha Malindi mwezi wa Machi. Gemu nyingi mpya hutumia prosesa yote dakika za mwanzo zikitengeneza vivuli, na hapo ndipo prosesa yenye pesti (dawa ya kupitisha joto kutoka kwa prosesa) iliyokauka hukimbilia 95 na zaidi. Futa pesti ya zamani kwa alkoholi, weka tone la ukubwa wa punje ya kunde katikati, kaza skrubu kwa mkingamo. Kwa Core za kizazi cha 13 na 14 zenye nguvu kubwa kuna sababu nyingine: Intel walikiri 2024 kwamba zilikuwa zikipewa volti za juu kupita kiasi, wakatoa masahihisho ya 0x129 na 0x12B kupitia BIOS. Weka BIOS mpya. Iliyokwisha kuharibika hairudi kwa sasisho.

Pawasaplai ya OptiPlex 7010 ndogo ni ya wati 240. Tundu la kadi linatoa wati 75 zisizozidi, basi kadi zisizo na waya wa ziada kama GT 1030 na GTX 1650 za kimo kifupi ndizo zinazoingia. Kadi inayodai waya wa pini sita, ukiilisha kwa adapta ya kuunga, itawaka mezani na kuzima kwenye nembo ya gemu. Wenye kutumia jenereta au stima inayopanda na kushuka wajaribu saa ambayo pampu na friji hazifanyi kazi. Ikifunguka saa hizo, tafuta stabilaiza.

Ukiamua kumtumia fundi wa Mombasa, mpelekee karatasi zako pamoja na mashine: kwenye dxdiag bofya "Save All Information", kopi faili hiyo na folda ya C:\Windows\Minidump kwenye flashi, ongeza yale mambo matatu uliyoandika. Toa kadi kubwa ya grafiksi uifunge peke yake kwenye mfuko wake wa kuzuia chaji, na uandike juu ya kasha upande upi ni wa juu.